Udi wa Sungura

Bi Kuruthumu alisema ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri, saa ile ambayo Mtaa wa Mchikichi wote umelala kwa joto. Alisema alikuwa anakatiza uchochoroni, kati ya nyumba ya marehemu Ghanim na nyumba ya jirani, anakwenda zake kutazama kama duka la ushirika limeshusha sabuni, mara akasimama ghafla kama aliyekanyaga msumari. Nini? Harufu.

"Si ubani," alisema, mkono kiunoni. "Ubani naujua mie. Udi, jamani! Udi wa biharusi. Unatoka dirishani kwa mwanamke aliye edani, mumewe hata udongo haujamkauka!"

"Wee!" wenzake wakaitikia.

"Ngojeni, sijamaliza. Nikasema labda pua inanichezea. Nikatulia. Mara nasikia kicheko. Azza huyo anacheka, tena kicheko kilichoshiba, si cha mtu mwenye msiba. Kisha nasikia sauti laini, 'Njoo, usiogope, sogea karibu.' Sasa niambieni nyie, mwanamke yuko edani, mlango umefungwa, anamwambia nani asogee karibu?"

"Labda jini, shoga."

"Jini? Basi jini hilo lina miguu, maana nilisikia kishindo chake sakafuni. Ti! Ti! Kama mtu anayetafuta viatu vyake aondoke."

Wanawake waliopanga ndoo zao bombani wakaangua kicheko, mmoja akajifunika uso kwa ncha ya kanga, mwingine akasema astaghfirullah huku bega linamtikisika. Severa alikuwa wa pili kwenye foleni. Ndoo yake ya bati alikuwa ameiweka mbele ya miguu, na macho yake yalikuwa ndani ya ile ndoo ingawa haikuwa na kitu.

Yeye alijua kishindo kile ni cha nani. Alijua na udi nani aliuchoma. Alikuwa amefungua mdomo aseme, maneno yako ulimini kabisa, Bi Kuruthumu alipomgeukia.

"Na wewe si ndiwe unayeshinda mle ndani? Hebu tuambie, mwanangu. Alhamisi ulikuwepo?"

Macho yote yakamwangukia. Bi Kuruthumu alikuwa mke wa balozi wa nyumba kumi, na mwaka ule, mwaka wa nguvu kazi, mke wa balozi hakuwa mtu wa kujibiwa ovyo. Vijana wasio na kazi walikuwa wakikamatwa mitaani, wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa vijijini kulima. Severa hakuwa na kazi ya kuandikwa popote. Aliponea kwa vile Bi Azza alimwambia balozi, huyu ni msichana wangu wa kazi, na balozi akakubali.

"Nilikuwa sokoni, mama," Severa alisema.

Zamu yake ikafika. Akakinga ndoo, ikajaa, ikamwagika, akaiacha imwagike mpaka aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Dada, unaosha barabara?" Ndipo akajitwika na kuondoka.

Severa alikuwa ametoka Ndanda kuja kwa kaka yake Tarsis, aliyekuwa kuli bandarini na mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba ya Mzee Ghanim. Alikuwa amemaliza darasa la saba, kisha basi. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kuketi pembeni na kutazama, na akitazama kitu hachoki. Tarsis alikuwa akimtania kwamba angeweza kuitazama sufuria ya maharage tangu inabandikwa mpaka inaepuliwa na asiseme neno.

Mzee Ghanim alipofariki na mkewe Azza akaingia eda, ilibidi apatikane mtu wa kumkimbilia. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hapaki wanja. Watoto hawakujaliwa. Basi Severa ndiye aliyekwenda sokoni, ndiye aliyepanga foleni ya sukari, ndiye aliyepeleka salamu na kurudi na salamu. Jioni Bi Azza humwita, "Mwanangu, njoo ukae, usiniache na huyu Bwana Afya peke yangu."

Bwana Afya alikuwa paka. Mzee Ghanim ndiye aliyempa jina hilo, kwa vile kila asubuhi paka yule alizunguka nyumba nzima chumba kwa chumba, akainusa kila sufuria, akachungulia kila uvungu, akatikisa mkia kwa dharau na kwenda zake, kama hasa bwana afya wa manispaa aliyekuja kukagua. Alikuwa mzee sana, sikio moja limechanika, meno ya mbele yameng'oka. Tangu bwana wake azikwe, alikuwa hali sawasawa. Alikuwa ameburuta kikoi cha marehemu mpaka uvunguni mwa kitanda, akakilalia, na mtu akinyoosha mkono kukichukua, anamkwaruza. Bi Azza alisema, mwacheni nacho. Yeye naye amefiwa.

Sungura alitoka Kigogo, kwa mjomba wao Severa na Tarsis, aliyekuwa akifuga sungura wa kitoweo kwa sababu nyama buchani ilikuwa ya kubahatisha. Alimpa Severa mmoja, jike jeupe, bado mdogo, ili amnenepeshe ale na kaka yake Krismasi. Severa alimpakata njia nzima, na walipofika Kariakoo alikuwa amekwisha kumwita Pamba. Mtu akishampa mnyama jina, kitoweo hicho hakiliki tena. Tarsis alilijua hilo, akacheka, kisha Pamba akala kamba za viatu vyake vya kazini, akaacha kucheka.

"Chumba kimoja, watu wawili, na sungura," alisema. "Ama atoke yeye, ama aingie chunguni."

Uani hakukaliki, panya buku wa shimoni, ile sehemu ya chini ya ardhi kule sokoni, walikuwa wakifika mpaka pale. Severa akamweleza Bi Azza. Bi Azza akasema amlete amwone. Alipomweka mapajani, yule sungura akatulia, akaanza kutafuna kwa haraka haraka ncha ya kanga nyeusi ya msiba, na Bi Azza akamtazama kwa muda mrefu bila kumwondoa.

"Mweke stoo," alisema. "Nami nitakuwa na mtu wa kumsikia akitafuna. Ila huyu mkaguzi wetu, sijui atasemaje."

Mkaguzi alisema kesho yake. Asubuhi alipofika mlango wa stoo katika mzunguko wake, akamwona Pamba chini ya tenga la kuku, manyoya yakamsimama tangu shingoni hadi mkiani, akawa mkubwa mara mbili, akatoa sauti ambayo hakuna aliyedhani paka mzee kama yule anayo. Pamba naye akapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, ti, ti, kisha akajikunyata pembeni akawa kama donge la unga.

Wengine wangemtoa sungura, au wangemfungia paka nje wakasema atazoea. Severa alikaa chini mlangoni akatazama. Siku za kwanza aliwaacha mlango ukiwa umefungwa, kila mmoja amjue mwenzake kwa kumsikia tu. Kisha akawa anaweka dagaa upande huu wa mlango na majani ya kabichi upande ule, wale kwa pamoja. Kisha mlango wazi kidogo. Kisha tenga katikati. Kila hatua aliwapa muda, na walipoudhika alirudi nyuma akaanza tena. Bi Azza alikuwa akimtazama kutoka kitandani akasema, "Ungekuwa mshenga, mwanangu, ndoa zako zisingevunjika."

Lakini ikafika mahali ikakwama. Bwana Afya alikula dagaa wake karibu kabisa na tenga, akapangusa masharubu, halafu akapitisha mkono kwenye tundu na kumkwaruza Pamba puani. Damu ikatoka. Pamba akasusa kula.

Severa akafikiri. Paka yule hakuwatambua watu kwa macho. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alitambua kwa pua. Mgeni akiingia humnusa viatu kabla hajaamua. Na kitu pekee alichokipenda duniani kilikuwa kile kikoi, ambacho bado kilinukia udi, maana Mzee Ghanim alikuwa mtu wa udi, kila Ijumaa hufukiziwa kanzu na kikoi chake mpaka nyumba nzima inukie. Harufu ile ndiyo nyumba kwake, Severa aliwaza. Mwenye harufu ile ni mwenyeji. Asiye nayo ni mwizi.

Basi Alhamisi ile, Bi Azza akiwa amelala baada ya kuswali, Severa akatoa chetezo stoo, akaweka makaa, akafungua kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, akachukua vipande vya udi. Hakuona ubaya. Alikuwa ameona kwa macho yake wanawake wakichoma ubani mle mle ndani siku za hitima, Bi Azza akiwa edani kaketi katikati yao, na hakuna aliyesema neno. Kanisani kwao Ndanda nako moshi ulifuka, na alijua moshi ule ni heshima. Kwake yeye kinachofuka kwenye chetezo kilikuwa kitu kimoja. Alimvizia Bwana Afya akiwa ameteremka kunywa maji, akatwaa kikoi, akakitandaza juu ya tenga tupu, chetezo chini yake, kama anavyoona wakifukiza nguo, akakiacha kinywe moshi mpaka kikalowa harufu. Kisha akamfunga nacho Pamba, uso tu nje, akamsugua mgongo, tumbo, masikio.

Bwana Afya akaja. Pua juu. Akasimama kizingitini, akanusa hewa. Akasogea, akanusa kikoi, akanusa pua ya sungura pale pale alipokuwa amemkwaruza. Pamba akatetemeka, akapiga mguu. Ti! Ti!

Severa hakusikia Bi Azza akija. Alisikia tu pazia, akageuka, akamwona kasimama na buibui halijakaa sawa, uso hauna rangi.

"Severa. Nini hiki?"

"Udi, mama. Nilitaka amwone ni wa hapa."

Bi Azza akafumba macho. Hakukasirika, ilikuwa kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Kisha akasema upesi, "Zima. Zima, mwanangu, ni haramu kwangu huu mpaka nitoke eda. Ubani sawa, udi hapana. Udi wa kupendeza huu." Severa akamimina maji kwenye chetezo, moshi wa mwisho ukapanda ukatoka dirishani.

Na hapo ndipo Bwana Afya alipofanya alilofanya. Alizunguka mara moja, akajibwaga ubavuni kwa Pamba na kuanza kumlamba sikio, kwa juhudi na ghadhabu, kama anayemwogesha mtoto mchafu. Pamba akanyoosha shingo, akafumba macho. Kisha paka akasita, akamtazama Bi Azza kana kwamba ameaibika, akarudi nyuma.

Bi Azza akacheka. Tangu mazishi Severa hakuwahi kukisikia kicheko kile. Akachuchumaa, akamnyooshea yule paka mkono. "Njoo," alisema. "Njoo, usiogope. Sogea karibu."

Hayo ndiyo yaliyokuwepo. Hayo yote Severa alikuwa nayo kifuani pale bombani, na alichotoa ni kwamba alikuwa sokoni.

Alijiambia maneno ya bombani hukauka na maji ya bombani. Hayakukauka. Wanawake waliokuwa wakija alasiri kumzungumzisha mjane wakapungua, mmoja ana mgonjwa, mmoja ana wageni kutoka Rufiji. Sahani ya maandazi iliyokuwa ikitoka nyumba ya pili ikakoma kuja. Bi Azza akauliza, "Watu wana nini siku hizi?" na Severa akasema hajui, mama, labda foleni. Huo ukawa uongo wa pili, na wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, jambo lililomtisha.

Kisha wifi akaja. Sabaha, dada wa marehemu, akaaye mtaa wa Gerezani, mwanamke mrefu, mkavu, asiyepaza sauti. Severa akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba bila kutazamwa, akaenda kupika kahawa. Aliporudi na sinia, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuanza.

"Mimi sikuja kugombana, wifi," Sabaha alikuwa akisema. "Nimekuja kuuliza. Palikuwa na mtu humu?"

"Hapakuwa na mtu."

"Na udi?"

Bi Azza hakuwa mtu wa kuapa wala wa kusema uongo. "Udi ulikuwepo," alisema.

"Ukiwa edani."

"Nikiwa edani."

"Nani aliufukiza?"

Severa alikuwa kasimama katikati ya chumba, sinia mikononi. Bi Azza akainua macho kumtazama. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, pita wewe kwanza.

Severa akaliweka sinia mezani, akaanza kupanga vikombe.

"Maana hata msichana wako nilimuulizia," Sabaha akasema. "Nikidhani labda ni mambo ya watoto. Bi Kuruthumu akaniambia walimuuliza mbele za watu, akasema siku hiyo alikuwa sokoni."

Bi Azza bado alikuwa akimtazama, na Severa akaona kitu kinabadilika katika macho yale. Halikuwa jambo kubwa, ni kama mtu anayevuta pazia tu.

"Kama amesema alikuwa sokoni," Bi Azza akasema polepole, "basi alikuwa sokoni. Nyumba ni yangu, wifi. Kilichofukizwa humu kimefukizwa na mimi."

Sabaha akainuka bila kugusa kahawa. Mlangoni akageuka. "Basi kutoka eda utajitoa mwenyewe. Mimi na wenzangu hatutakuja."

Hilo lilikuwa kubwa, hata Severa wa Ndanda alilielewa. Mjane hajitoi mwenyewe. Wanawake wa upande wa mume ndio huja asubuhi wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza ule udi aliokuwa amekatazwa, kisha wakamtoa mlangoni kwa vigelegele ili mtaa umwone amemaliza kwa heshima. Wasipokuja, mtaa hauulizi kwa nini. Mtaa unakuwa umekwisha kujibu.

Bi Azza hakumsema. Severa alingoja asemwe, angeshukuru. Siku ile, na zilizofuata, Bi Azza alimtuma kama kawaida, chumvi, mafuta ya taa, na alisema ahsante kama kawaida. Kilichoondoka ni neno moja tu. Hakumwita tena mwanangu. Alimwita Severa.

Na kule stoo, Bwana Afya na Pamba walikuwa sasa wanalala pamoja, paka kamlalia sungura mgongoni kama blanketi kuukuu. Watu wangelipa kiingilio kuona kitu kile. Severa alikuwa akiwawekea chakula chao na kutoka haraka, bila kuwatazama, yeye ambaye hachoki kutazama.

Alimwambia Tarsis. Tarsis alikuwa anakula, akaliweka tonge chini.

"Sasa unataka kwenda kusema nini? Kwamba uliongopa mbele ya mke wa balozi? Unajua Bi Kuruthumu akikununia, keshokutwa uko kwenye lori. Na mimi atanitazama kwa jicho gani? Nyamaza, dada. Mambo haya ni ya kwao, wana dini yao na taratibu zao. Yatapita."

"Hayapiti, kaka. Yanazidi."

"Basi yazidi kwao."

Severa akamtazama kaka yake, mikono yake iliyochubuliwa na magunia, akamwonea huruma, kwa vile aliona sura yake mwenyewe mle. Vile alivyosema Tarsis ndivyo alivyokuwa akijisemea yeye kila asubuhi. Kusikia mtu mwingine akiyasema kwa sauti, mdomo una ugali, kulimfanya ayaone yalivyo.

Eda ilikuwa inakwisha Jumapili. Ijumaa asubuhi alimaliza kazi zote, akamwekea Bi Azza maji ya kutawadha, akajifunga kanga yake nzuri, akashika njia ya Gerezani kwa miguu. Njiani alijaribu kupanga maneno. Kila alivyoyapanga yalichekesha. Mama, ni sungura. Mama, nilimfukiza sungura.

Sabaha alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa na wanawake wawili wa ukoo, mmoja anakuna nazi, mmoja anasuka ukili wa mkeka.

"Hodi. Shikamooni."

"Marahaba. Azza kakutuma?"

"Hakunituma, mama. Hajui kama nimekuja."

"Sema."

Akasema. Alisema amesimama, mikono ameifumbata mbele kama yuko darasani. Alipofika kwenye sungura, mwenye mbuzi ya nazi akapasuka kwa kicheko. "Sungura! Kafukiziwa udi! Haya, na hina je, mlimpaka?" Mwenye ukili akainama, mabega yanacheza. Sabaha hakucheka. Alikuwa ameacha kuchambua.

"Azza udi aliuweka wapi?"

"Juu ya kabati, mama. Kwenye kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa."

Kicheko kikapungua. Mambo hayo mtu hayabuni.

"Na ulifukiza nini?"

"Kikoi."

"Kikoi gani?"

Severa akaona hapo, akiwa amechelewa, kwamba ameingia mahali asipopajua. "Cha marehemu, mama. Chenye mistari ya zambarau."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Nguo za kaka yangu tulizigawa kwa mikono yangu hii," Sabaha akasema. "Kanzu kwa huyu, shuka kwa yule, sadaka yake. Mimi niliomba kile kikoi tu. Nilimnunulia mimi, Unguja. Azza akaniambia hakionekani."

"Paka alikuwa nacho, mama. Uvunguni. Alikuwa hakubali kukiachia, na Bi Azza akamwonea huruma."

"Paka."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa kiko wapi?"

Severa angetoa chochote asilijibu lile. "Sungura analalia," alisema. "Sungura na paka."

Mwenye ukili akatoa mguno. Severa alihisi uso unamwaka. Alikuwa amekuja kumtua Bi Azza mzigo, na kwa mkono ule ule amemtwika mwingine. Alitamani Sabaha apige kelele, lakini Sabaha hakuwa mtu wa kelele.

"Siku ile nilipokuja," Sabaha akasema, "ulikuwa umesimama pale na sinia. Nikauliza nani kafukiza. Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Nikasema ulikuwa sokoni."

"Ndiyo, mama."

"Na wifi yangu akajibebesha. Wewe ukafanya nini?"

"Niliweka kahawa mezani."

"Kwa nini?"

Njia nzima alikuwa na jibu la hilo. Lori, mke wa balozi, kaka yake, Ndanda. Sasa alilitafuta akalikuta dogo, halina hata uzito wa punje moja pale kwenye ungo.

"Niliogopa," alisema. "Nilijiogopea mimi."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa mchele ulioanguka, hakufukuzwa. Severa akapiga magoti, si kwa kupanga.

"Kwa Bi Kuruthumu nitakwenda nikaseme, leo hii, bombani, wote wasikie. Wanipakie wakitaka. Na kikoi nitakifua nikilete. Lakini yeye hana kosa la udi, mama. Alinizuia, alisema ni haramu kwake. Mtu hakuwepo. Alicheka kwa ajili ya paka. Jumapili asubuhi nendeni mkamtoe. Nakuombeni. Asijitoe peke yake."

Mwenye mbuzi ya nazi akamtazama Sabaha. Mwenye ukili naye akamtazama Sabaha.

Sabaha akauvuta ungo karibu, akaupeta mara moja, akaokota jiwe dogo na kulitupa pembeni. Kisha akainama, akaendelea kuchambua.

"Mama?" Severa akasema.

"Kikoi usikifue, Jumapili asubuhi nitakuja kukichukua mwenyewe," Sabaha akasema, macho yake kwenye ungo.